Mwinua Nyaya

Wengine wanabeba. Mimi nainua nyaya.
Natangulia hatua kumi mbele ya kuba
na upondo wa mwanzi, panda ya mkwaju kichwani
imekazwa kwa mpira wa baiskeli,
na kila waya unaolegea juu ya barabara
nausukuma, nauambia: jongea, bibie,
mgeni anapita.

Miaka tisa sijaliona jumba letu likitembea.
Naliona uani kwa Mwanamkasi, likiwa bado mifupa:
fito, katoni za sabuni, singa za mkonge
tulizozichovya rangi ya kijani hadi kucha zikageuka.
Naliona tena asubuhi yake, limelala ubavu,
mbuzi anatafuna mnara.
Kati ya hapo ni shingo tu,
na mbingu ya Ngamiani iliyokatwakatwa vipande.

Mwaka huu, usiku wa kumi na mbili wa Mfungo Sita,
tulitoka saa tatu.
Watu ishirini na wanne chini ya maboriti manne,
khanga zimekunjwa mabegani,
matari nyuma, skauti wa Makorora
na tarumbeta lao moja linalokoroma,
betri ya pikipiki tumboni mwa kuba.
Barabara ya Tisa, ya Kumi, tukapita.
Ya Kumi na Moja, matone; gundi ikanung'unika.
Ya Kumi na Mbili
waya ukatukatalia.

Haukuwa wa shirika. Mweusi, mwembamba,
umeungwa mara tatu kwa nailoni,
unatoka nguzoni kwenda dirishani kwa Sechonge,
Sechonge yule yule aliyetufundisha kukunja kuba,
aliyetoka kikaoni mwaka juzi kwa sababu ya kopo la rangi
akasema, "Hamtaniona,"
nasi tukasema, "Hatutakutafuta."

Nikasukuma. Upondo ukapinda kama ndoana.
"Inua!" wakasema walio chini.
"Ndio mwisho wake."
Jumba likasimama. Na kusimama ndiko kuzito:
ukitembea, mzigo unagawana na barabara,
ukisimama, wote wako.
Nikasikia magoti. Nikasikia mtu anahesabu pumzi.
Matari yakapoa, moja moja.
Hakuna aliyebisha hodi.

Kisha komeo.

Akatoka na msuli na fulana ya ndani,
mkono mmoja kigoda, mwingine koleo.
Hakusalimu. Akapanda,
akaukata waya wake mwenyewe.
Ndani kwake feni ikazunguka ikichoka,
redio ikanyamaza katikati ya jina la mtu,
mtoto akauliza kitu gizani.
Nyumba nzima ikawa shimo
na kuba likaijaza kijani.

Likapita. Likapita karibu naye mno,
singa zikamgusa shavu.
Akanyoosha kidole, akapapasa kona ya mnara
kama mtu anayempima homa mtoto wa jirani.
"Hapa mmebandika kinyume cha maji.
Itaachia kabla ya Tangamano."

Iliachia kabla ya Tangamano.
Sikuiona, nilikuwa mbele;
niliambiwa na kelele.

Leo nimepita na baiskeli, naenda kutafuta mkate.
Waya wa Sechonge umerudi,
ule ule, na vifundo vyake, sasa vinne.
Nikasimama chini yake, nikanyanyua mkono kwa mazoea,
mkono haukufika popote.
Umefungwa kwenye papi mpya juu ya paa,
dhiraa mbili na ushei kupita pale ulipokuwa.
Nikapima kwa jicho: kuba, mnara, hata mwezi wa bati juu yake.

Mlango ulikuwa wazi nusu.
Mtu ndani alikuwa anapiga msasa.
Sikubisha hodi.
Nilipiga kengele ya baiskeli, mara moja,
nikakanyaga pedali.